Moto wa Zizi la Baba

Mwalimu wa dini aliyeletwa kwetu Kaisho alikuwa mtu wa migombani, kutoka upande wa Muleba, na aliogopa ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia yaliyompata baba yangu huniuliza kama mwalimu yule alikuwa mtu mkali. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimba, kanzu yake safi, na alitembea na mwamvuli hata siku ya jua kali. Alipolazimika kukatiza zizini kwetu aliushika mwamvuli ule mbele ya tumbo, huku ng'ombe wetu wa pembe ndefu wakimtazama tu, wakicheua. Vijana wa kuchunga walicheka mpaka wakakaa chini. Hata baba alicheka, na siku zile baba alikuwa ameacha kucheka.

Mama alikuwa ametutoka muda si mrefu. Ilikuwa miaka michache baada ya ile vita kubwa ya pili. Mimi nilikuwa mjane kijana, nimerudishwa nyumbani bila mtoto, na nyumba yetu ilikuwa na baba, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyesoma shule ya misheni na kujua kuvaa viatu. Mama, mimi na mdogo wangu tulikuwa tumebatizwa. Baba peke yake alibaki nje. Hakuwa na ubishi na dini; alisema tu kwamba ni kazi ya watu wasio na ng'ombe wa kuangalia. Alipoambiwa kwamba mkubwa wa walimu wa dini anaitwa mchungaji, aliuliza ana ng'ombe wangapi. Akajibiwa hana hata mmoja. Basi akanyamaza kwa heshima, kama mtu anavyonyamaza akisikia habari ya msiba wa mwenzake.

Mama alizikwa kwenye makaburi ya kanisa, chini ya msalaba wa mti, mbali na zizi. Baba alisimama nyuma ya watu, mikono yote miwili juu ya fimbo, na sidhani alielewa kwa nini mke wake anapelekwa kulala kwa watu wengine. Miezi ikapita. Siku moja wakati wa kukamua aliniuliza, bila kunitazama, mama yuko wapi sasa. Nikamwambia yuko mbinguni. Akauliza mtu anafikaje huko. Nikamwambia asome mafundisho, abatizwe.

"Basi nitasoma," akasema. "Nataka nipelekwe aliko mama yako. Mengine hayo mtajua ninyi."

Hakutaka kingine. Hakutaka taji, wala vazi jeupe, wala kuimba. Alimtaka mkewe, na kwa ajili hiyo mzee yule akaanza kwenda kanisani kila juma, kanisa letu la nyasi lililoitiwa watu kwa ngoma, akakaa kwenye gogo la mbele pamoja na watoto wanaotoka makamasi.

Sasa lazima niseme habari ya moto, kwa sababu wasiofuga hawaujui. Katikati ya zizi la watu wetu palikuwa na moto wa samadi kavu na majani, unaofuka moshi mchana kutwa na kuchochewa jioni ng'ombe wanaporudi. Moshi hufukuza nzi. Lakini zaidi ya nzi, moto ule ulikuwa wa mwenye zizi. Aliuwasha siku alipoanza mji wake, na haukutakiwa kuzimika maadamu yu hai. Msafiri aliyeona moshi kutoka mbali alijua mwenyewe yupo na maziwa yapo. Mwenye zizi akifa, mwanawe wa kiume aliuzima, ng'ombe wakasimama kidogo bila moshi, kisha mwana akawasha wa kwake. Ndiyo maana kwetu, ukisema moto wa fulani umezimika, hakuna atakayekuuliza kuni zilikwenda wapi. Atauliza mazishi ni lini.

Baba alikuwa na kisa chake cha moto, na sisi watoto tulikisikia mpaka tukachoka nacho. Zamani tulikaa upande wa Rugu, mpaka mbung'o wakaja na ng'ombe wakaanza kukonda na kuanguka. Ikabidi kuhama. Baba na wanaume wengine walitangulia na mifugo iliyobaki, mama akaja nyuma na mizigo, mimi mgongoni, na kichwani amebeba kigae cha chungu kilichojaa majivu, na ndani ya majivu makaa ya moto wa baba. Mvua iliwakuta njiani. Alivua nguo yake ya kujifunika akakifunika kile kigae, yeye akatembea akilowa. Mama alipofika Kaisho, baba alichokora majivu kwa kijiti akakuta kaa moja jekundu. Kila alipofika hapo kwenye kisa chake sauti ilimkatika, na alisingizia moshi.

Nimesema mwalimu alitoka migombani. Kwao ng'ombe ni mmoja au wawili, hulala ndani na watu, na moto uko jikoni kwa mama. Hakuna aliyemfundisha la zizi, na yeye hakuuliza. Hilo bado linanikera, maana muda wa kuuliza alikuwa nao mwingi.

Siku ya somo la mahali pawili nilikuwepo, kwa kuwa darasa la wanawake lilifuata na sisi tulikuwa tumekaa nje karibu na mlango. Mwalimu alifundisha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kihaya, na wazee walimfuata kwa Kinyambo chao, wakishika hapa na kuacha pale. Akasema kuna mahali pawili tu, na kila mtu akiwa bado hapa duniani anachagua kwa matendo yake atakwenda wapi. Akaeleza kwanza mbinguni: mji mkubwa, barabara za dhahabu, hakuna usiku, hakuna njaa. Baba akauliza kama kuna majani. Mwalimu akasema hakuna haja ya majani. Baba akauliza, basi ng'ombe wanakula nini. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba huko hakuna ng'ombe. Nilimwona baba akiinamisha kichwa, akawa anachora chini kwa fimbo.

Kisha mwalimu akashusha sauti akaeleza mahali pa pili, penye moto usiozimika.

Baba aliinua kichwa.

"Hauzimiki kabisa?" akauliza.

"Hauzimiki, mzee."

"Hata mvua ikinyesha?"

Mwalimu alifurahi. Alidhani mzee ameguswa moyoni. Akasema kwa nguvu kwamba hata mvua ya dunia nzima haiwezi kuuzima moto ule, upo milele na milele. Nami pale mlangoni nikaona uso wa baba umelainika, ule uso wa kwenye kisa chake cha kigae.

"Ndiko aliko mke wangu," akasema. "Nipeleke huko."

Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka. Alifunga kitabu chake akakishika kifuani, kwa sababu alikuwa amemzika mama yangu kwa mkono wake mwenyewe na kumwombea kwa machozi, na sasa mbele ya darasa zima mume wa marehemu anasema yuko jehanamu, na kwamba na yeye anataka aende huko. Alimwambia baba atoke, asirudi mpaka atakapotubu dhihaka ile. Baba hakulisikia neno dhihaka au hakulijua. Alisikia tu kwamba amemaliza mafundisho. Alisimama, akamshukuru mwalimu kwa adabu zote za Kinyambo, akaondoka.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumza. Aliniambia mafundisho si magumu kama watu wanavyosema, kwamba mwalimu amemwuliza anataka kwenda wapi na yeye amemjibu, na kwamba ule mji wa dhahabu atawaachia wapenda viatu kama mdogo wangu. Jioni ile aliuchochea moto mwenyewe, hakumwachia kijana wa kuchunga. Nilimwacha afurahi. Sikuwa na moyo wa kumwambia kitu, nikajiambia nitakwenda kulinyoosha jambo kwa mwalimu.

Nilikwenda. Nilimkuta anamenya ndizi, nikapiga magoti nikamwamkia, nikaanza kueleza habari ya zizi, na moshi, na mama na kigae chake. Alinisikiliza kwa uso wa mtu anayesikiliza mtoto akisimulia ndoto. Nilipomaliza akaweka kisu chini.

"Mama, moto ni moto," akasema.

Nikamwambia si hivyo. Akasema mila za zizi ndizo hasa zinazomzuia mzee kuona, na kazi yangu mimi niliyebatizwa ni kumwonya baba yangu, si kumtafutia maneno. Nilirudi nimekasirika mpaka nikajikwaa njiani. Nilimchukia siku ile, na sioni sababu ya kusema vinginevyo.

Aliyemwonya baba alikuwa mdogo wangu. Aibu ya kanisani ilikuwa imemfikia, naye alikuwa anatazamiwa kuwa mzee wa kanisa ingawa ndevu zilikuwa bado hazijamjaa. Alileta picha kubwa ya karatasi aliyoiazima misheni, akaitundika kwenye nguzo ya nyumba. Upande mmoja watu wenye mabawa, upande mwingine watu uchi ndani ya miali ya moto, mikono juu, midomo wazi. Akamwita baba, akamwonyesha kwa kidole, akamweleza kwa Kinyambo safi kabisa, neno kwa neno. Sikusema kitu, kwa sababu yote aliyoyasema ndiyo tuliyofundishwa.

Baba aliitazama picha ile muda mrefu sana. Aliuliza wale ni watu wa nani. Mdogo wangu akasema ni wa mataifa yote. Akauliza mwenye zizi lile ni nani, anayewasha moto kwa ajili ya kuunguza watu waliofika kwake. Mdogo wangu akasema si zizi, na baba asiulize hivyo.

"Na mama yenu?"

"Hayuko humo, baba. Yuko huku, upande huu."

"Kusiko na ng'ombe," akasema baba, na hakuuliza tena.

Tangu siku hiyo hakukaa tena karibu na moto wake. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona jioni kwenye kigoda chake, moshi unampitia, macho mekundu, ng'ombe wanamnusa mabega. Sasa alichukua kigoda akakiweka kwenye lango la zizi, kunakopita upepo wa bondeni, akakaa huko amejikunyata, ameupa moto mgongo. Nilimbembeleza asogee. Alisema moshi unamchoma, yeye aliyekuwa akitucheka tukikohoa. Zilikuwa siku za mvua za masika, ukungu ulishuka mapema, na kila jioni nilimwona mzee anatetemeka hatua chache tu kutoka kwenye moto alioukoka mwenyewe.

Alirudi kwenye mafundisho. Mwalimu alimpokea kwa furaha ya kweli, nampa haki yake. Baba alijibu kila swali sawasawa. Ukimwuliza anataka kwenda wapi, alijibu mbinguni, haraka, kama mtoto anayeogopa fimbo. Lakini mwalimu wa dini hakuruhusiwa kubatiza. Ilibidi kumngoja mchungaji, na mchungaji alikuwa akija njia zikikauka tu, na masika ile mabonde yalijaa maji. Kichomi kikamwanza baba kabla maji hayajapungua. Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba mtu akiwa kufani Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, hata mwanamke, hata kwa maji ya kibuyu. Nilimwagilia maji kwenye midomo ya baba siku zote zile, na hakuna aliyenifungulia siri hiyo. Kama mwalimu aliijua na akaogopa, au hakuijua, mpaka leo sijui.

Alikufa asubuhi, wakati wa kukamua. Pumzi zilikuwa zimeshakuwa fupi. Aliniuliza kitu sikukisikia, nikainama.

"Moto wangu bado unawaka?"

Nilimjibu unawaka, baba, unawaka vizuri. Nilidhani namfariji, kwa kuwa kwa desturi yetu hilo ndilo neno zuri kuliko yote unaloweza kumwambia mgonjwa. Alinitazama kwa hofu ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote, akageukia ukutani. Hakusema tena.

Hakuweza kuzikwa kando ya mama, kwa kuwa hakubatizwa. Tulimchimbia pale pale zizini, upande wa ndani. Mwalimu alikuja, akasimama mbali na kaburi kama kanuni ilivyotaka, akaimba pambio moja kwa ajili yetu tuliobaki, si kwa ajili ya marehemu. Wazee wa ukoo wakamgeukia mdogo wangu wakimngoja auzime moto wa baba yake. Mdogo wangu akasema hatauzima. Akasema sisi ni Wakristo, na kuuzima kwa desturi ni kuwatumikia mizimu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Wazee walichukua fimbo zao wakaondoka hata bia ya ndizi hawajaonja, na kwetu hiyo si hasira ndogo.

Basi moto ukaendelea. Kijana aliuchochea asubuhi, akauchochea jioni. Baba alikuwa amelala chini ya udongo hatua chache tu kutoka pale, na moshi ulipita juu ya kaburi lake kutwa. Nilijaribu kufanya kazi. Nilisafisha vyombo vya maziwa, nikatandika majani mapya ndani ya nyumba, na kila nilipoinua macho niliuona. Kwa desturi ya baba, moto unaowaka ulisema kwamba hajafa, kwamba bado anangojwa kwenye kigoda chake. Kwa mafundisho niliyoyapokea mimi, ulisema jambo jingine, ambalo sikuweza kulitamka. Sikuwa na mahali pa kumweka baba yangu ambapo moto ule haukufika.

Siku moja mchana, ng'ombe wakiwa malishoni na mdogo wangu ameketi kivulini anasoma, nilichukua mtungi wa maji niliokuwa nimetoka nao bondeni, nikaingia zizini, nikaumwaga wote. Moto wa samadi hauzimiki kwa maji mara moja. Unafoka, unanuka, unajificha chini. Nilipiga magoti nikaufukua kwa jembe, nikarudi bondeni nikaleta mtungi mwingine. Mdogo wangu alinijia mbio akaniuliza nina wazimu gani, nani kanituma, ni mila ya nani ambayo mwanamke anazima moto wa zizi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Hakuna mila ya namna hiyo, si ya kwetu wala ya kanisani. Nilimaliza nilichokuwa nikifanya.

Jioni ng'ombe walirudi. Walikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya zizi, wakasimama pale kwenye matope ya majivu, nzi wamewajaa machoni, wakangoja. Hilo nililiona, na nilianza kulia hapo, si kabla.

Siku ya pili mwalimu aliitwa. Alikuja na mwamvuli wake, mdogo wangu akamweleza yote, naye akaniuliza mbele ya kila mtu kama nilifanya vile kwa ajili ya mizimu.

"Hapana, mwalimu," nikamwambia. "Nimemtoa baba motoni."

Aliyatazama majivu yaliyolowa. Kisha akasema, polepole, kwamba mwanadamu hawezi kufanya hivyo, na kwamba itabidi nitengwe na meza ya Bwana mpaka mchungaji atakapokuja kuamua. Nikasema nimesikia. Nilikuja kutengwa muda mrefu kuliko alivyodhani, lakini hiyo ni habari nyingine na haikuniuma kama walivyotaka.

Nilidhani ataondoka. Ng'ombe wawili wagonjwa walikuwa wamebaki nyumbani, wamesimama langoni, na njia ya kutokea haikupita kwao. Lakini mwalimu aliegemeza mwamvuli wake ukutani, akaingia zizini mikono mitupu, akapita katikati yao, akiwa amefumba macho nusu kwa woga. Alichuchumaa kwenye majivu karibu na kaburi la baba. Akaingiza mkono, mpaka kifundo, akapapasa chini kabisa mahali makaa hujificha. Sote tulimtazama. Akakaa hivyo, kanzu yake nyeupe ikiloa matope, kisha akauinua uso akanitafuta mimi.

"Umezimika," akasema.

Sauti yake nzuri ya kuimba haikuwepo. Nilimletea maji, akanawa mkono.